Programu ya Windows imegoma kwenye Linux? Dalili kwanza, dawa baadaye

Mtu amehamia Linux, kompyuta yake imekuwa nyepesi, na ameshaizoea. Kimebaki kitu kimoja: programu ya Windows ambayo hawezi kuiacha. Pengine ni ya hesabu za biashara, pengine ya kuchora ramani za majengo, pengine ni gemu alilolipia. Anasakinisha Wine, programu ya kuendesha programu za Windows kwenye Linux, anabofya faili la .exe mara mbili, na hakuna kinachotokea. Anaingia mtandaoni, anakuta amri kumi za watu kumi tofauti, anazibandika zote, na sasa hata kilichokuwa kinafanya kazi kimekufa.

Kesi za namna hii zimepita mikononi mwangu kwa miaka mingi, na nimejizoesha kuuliza swali moja kabla ya kugusa chochote: programu hii imeomba nini ikakosa? Wine si Windows iliyofichwa ndani ya Linux, wala si emuleta, yaani programu inayoigiza kompyuta nyingine nzima. Jina lake ni kifupi cha maneno yanayokana hilo. Mradi ulianza 1993, Alexandre Julliard akashika usukani 1994, na toleo la 1.0 likatoka 2008. Miaka hiyo 15 ilitumika kuandika upya, tangu mwanzo, maktaba ambazo programu za Windows huziita zikitaka kufungua dirisha, kusoma faili au kutoa sauti. Programu inaita, Wine inaitika na kutimiza ombi kwa njia za Linux. Ikiombwa kitu isichonacho, au kitu kilichoko chini zaidi ya pale mkono wake unapofika, programu inaanguka. Karibu kila dalili iliyomo humu inarudi hapo.

Maelezo haya yanahusu zaidi Linux. Mwenye Mac atanufaika pia, na pale mambo yanapotofautiana nitasema.

Maandalizi usiyoweza kuyaruka

Usiwashe programu yenye matatizo kwa kubofya. Ukibofya, malalamiko yake yote yanamwagika mahali usipopaona. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, ingia kwenye folda ya programu yenyewe, kisha iwashe huku ukihifadhi inachosema:

cd ~/.wine/drive_c/"Program Files"/Hesabu
wine hesabu.exe > ~/taarifa.txt 2>&1

Ile amri ya kwanza ina kazi yake. Programu nyingi hutafuta mafaili yao kwenye folda ziliyowashiwa, na ukiziwasha kutoka kwingine zitadai kwamba zimepungukiwa na vitu ambavyo vipo. Nimeona tatizo la wiki nzima likiisha kwa kuingia tu kwenye folda sahihi.

Ukifungua taarifa.txt utakuta mistari mingi, pengine mamia. Usiogope. Mistari yenye neno fixme ni maelezo ya watengenezaji wa Wine kwao wenyewe: mahali fulani kazi haijakamilika. Programu inayofanya kazi vizuri kabisa inaweza kutoa mamia ya fixme. Unachotafuta ni mistari ya err, na katika hiyo, ule wa kwanza kabla ya programu kufa. Ya chini yake mara nyingi ni vilio vinavyofuata msiba uleule.

Pili, ipe kila programu prefiksi yake. Prefiksi ni folda ambamo Wine hutengeneza diski C ya kuigiza, rejista (hifadhidata ambamo Windows huweka mipangilio) na mipangilio mingine. Usipochagua, kila kitu kinakwenda ~/.wine, na programu tano zikirundikana humo, dawa ya moja inakuwa sumu ya nyingine. Prefiksi mpya hutengenezwa hivi:

WINEPREFIX=$HOME/hesabu wine setup.exe

Kuanzia hapo, kila amri inayohusu programu hiyo ibebe WINEPREFIX ileile, pamoja na winecfg (dirisha la mipangilio ya Wine) na winetricks (zana ya kuleta vifurushi vya Windows). Kosa hili nimelikuta mara nyingi kuliko yote: mtu anasakinisha kinachohitajika, kinakwenda ~/.wine, naye anaendelea kushangaa kwa nini programu iliyoko kwenye prefiksi nyingine haijapona.

Tatu, usiwashe Wine kwa sudo, amri inayokupa mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Kamwe. Nitaeleza madhara yake chini, kwenye programu zilizoacha kufanya kazi ghafla.

Dalili: unaiwasha, hakuna kinachotokea

Anza na jambo dogo. Huenda kuna mabaki ya jaribio lililopita ambayo bado yanaendelea kimyakimya. Yazime, ujaribu tena:

WINEPREFIX=$HOME/hesabu wineserver -k

Kama bado kimya, hakikisha kwamba faili ni lile unalodhani. Amri ya file itakuambia ukweli ambao jina la faili linaweza kuuficha:

file setup.exe

Jibu likiwa na PE32 na Intel 80386, hiyo ni programu ya biti 32. Likiwa PE32+ na x86-64, ni ya biti 64. Likisema ni HTML, basi hukupakua programu. Umepakua ukurasa wa tovuti uliopewa jina la programu, nayo hutokea sana pale kiungo kinapokuwa kimekwisha muda. Likisema Aarch64, ni programu ya prosesa za ARM, na kwenye kompyuta ya Intel au AMD haitawaka. Kama faili linaishia na .msi, haliwashwi kama .exe, tumia wine msiexec /i na jina la faili.

Faili likiwa zima, sababu inayoongoza kwa mbali ni biti 32. Hata programu ya biti 64 mara nyingi huja na kisakinishi cha biti 32, kwa hiyo mtu anaona mashine yake ni ya biti 64, programu ni ya biti 64, na bado hapati kitu. Kwenye Debian na jamaa zake, Wine yenyewe huonya kwenye terminali kwamba wine32 haipo. Dawa ni hii, na hapa sudo ni halali kwa sababu unasakinisha vifurushi vya mfumo, huwashi programu ya Windows:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install wine32:i386

Ukisoma maelezo ya zamani, fahamu kwamba mambo yamebadilika. Tangu Wine 9.0 ya mwaka 2024 ipo njia mpya ambayo programu za biti 32 huwaka bila kuhitaji maktaba za biti 32 za Linux. Baadhi ya wanaosambaza Linux wameshaihamia. Kwenye Wine iliyojengwa kwa njia hiyo, ile mbinu ya miaka mingi ya kutengeneza prefiksi kwa WINEARCH=win32 itakataliwa. Hakuna kilichoharibika hapo. Ondoa WINEARCH na utengeneze prefiksi ya kawaida.

Upande wa pili wa kosa hilohilo ni ujumbe unaosema kwamba prefiksi yako ni ya biti 32 na haiwezi kubeba programu za biti 64. Prefiksi haigeuzwi ikishatengenezwa. Tengeneza nyingine.

Sababu inayofuata ni prosesa. Wine inafasiri maombi ya programu kwa mfumo, haifasiri maagizo ya programu kwa prosesa. Ukiwa na kompyuta ndogo ya ARM, Wine peke yake haitaiwasha programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Intel. Inahitaji msaidizi kama Box64 au FEX, na kasi itapungua. Kwenye Mac zenye prosesa za Apple, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2020, kazi hiyo hufanywa na Rosetta 2. Tena macOS iliacha kabisa programu za Mac za biti 32 tangu toleo la Catalina, mwaka 2019, ndiyo maana Wine za zamani hazifunguki kabisa kwenye Mac za leo. CrossOver, inayouzwa na CodeWeavers, ambao ni wachangiaji wakubwa wa Wine yenyewe, ina njia yake ya kulivuka hilo, na kwa mwenye Mac asiyependa terminali naona fedha yake haipotei.

Dalili: inasakinika vizuri, lakini ikifunguliwa inajifunga

Hapa ndipo taarifa.txt inapolipa. Tazama mistari hii miwili:

0024:err:module:import_dll Library MSVCP140.dll (which is needed by L"C:\\Program Files\\Hesabu\\hesabu.exe") not found
0024:err:module:loader_init Importing dlls for L"C:\\Program Files\\Hesabu\\hesabu.exe" failed, status c0000135

Isome polepole. Mstari wa kwanza unataja maktaba iliyokosekana na programu iliyoiomba. Wa pili unatoa hukumu: c0000135, maana yake maktaba haikupatikana. Ungekuta c000007b, maana yake maktaba ipo lakini si ya biti zinazolingana, na hilo hutokea mtu anapochomeka kwa mkono DLL (faili la maktaba ya Windows) ya biti 64 kwenye programu ya biti 32. Ukikuta c0000005, programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, na chanzo chake kinaweza kuwa chochote. Hiyo ndiyo ngumu.

MSVCP140.dll, pamoja na ndugu yake VCRUNTIME140.dll, hutoka kwenye kifurushi cha Visual C++ cha Microsoft. Winetricks hukileta:

WINEPREFIX=$HOME/hesabu winetricks vcrun2022

Majina yenye tarakimu ndogo, kama MSVCP100 au MSVCP120, ni ya vifurushi vya zamani: vcrun2010 na vcrun2013. Programu moja inaweza kuhitaji zaidi ya kimoja.

Nakusihi, usiende kwenye zile tovuti zinazogawa DLL moja moja. Hujui nani ameigusa, na hata ikiwa safi, DLL moja iliyong'olewa kwenye kifurushi chake mara nyingi hudai nyingine, na hiyo nyingine hudai ya tatu.

Baada ya Visual C++, mshukiwa ni .NET, mazingira ya Microsoft ambayo programu nyingi hujengwa juu yake. Dalili yake ni mistari inayotaja mscoree, au ujumbe kwamba programu inahitaji .NET Framework. Wine huja na mbadala wake, Mono, ambao hukuomba ruhusa ya kuusakinisha unapotengeneza prefiksi. Watu wengi hubofya kukataa kwa sababu hawajui ni nini. Ukubali. Ukiwa umekataa, ianze prefiksi upya na ukubali safari hii. Mono ikishindwa ndipo ulete dotnet48 kupitia winetricks, kwenye prefiksi mpya isiyo na kitu kingine. Usakinishaji wake ni mrefu na unaweza kuonekana umeganda, uache. Ukiukatiza katikati, futa prefiksi uanze tena, kwa sababu .NET iliyosakinishwa nusu haitibiki.

Kuna kishawishi cha kuleta kila kitu kwa pamoja: vcrun zote, dotnet zote, fonti zote, kisha kusubiri muujiza. Niliwahi kukabidhiwa prefiksi ya namna hiyo. Mwenyewe alikuwa amesakinisha kila alichokiona kwenye orodha ya winetricks, na programu ilikuwa inaanguka kila siku mahali tofauti. Nilitengeneza prefiksi tupu, nikawasha programu, nikasoma err ya kwanza, nikaleta kifurushi kimoja. Ikawaka. Vingine vyote vilikuwa vinapigana. Badilisha kitu kimoja, jaribu, soma, ndipo uende kwenye kinachofuata.

Kama hakuna DLL inayolalamikiwa, fungua winecfg na ubadilishe toleo la Windows ambalo Wine inajitambulisha nalo. Programu ya enzi za Windows XP inaweza kukataa kuendelea ikiambiwa iko kwenye Windows 10, na mpya ikakataa ikiambiwa iko kwenye 7.

Dalili: dirisha ni jeusi, picha zinakatika, gemu linatambaa

Programu nyingi zenye picha nzito huzungumza na kadi ya picha kwa Direct3D, lugha ambayo Linux haina. Wine inaifasiri yenyewe kwenda OpenGL, lugha ya picha ambayo Linux inaijua. Njia ambayo leo huleta kasi zaidi ni DXVK, inayofasiri Direct3D 8 hadi 11 kwenda Vulkan, lugha nyingine ya picha, mpya zaidi. Ya 12 inashughulikiwa na VKD3D-Proton. Zote mbili zimo ndani ya Proton, ambayo Valve waliitoa 2018 kwa ajili ya Steam, duka lao la magemu. Kwa hiyo kama gemu lako liko Steam, usihangaike na Wine ya kawaida. Liwashie Proton kwenye mipangilio ya gemu, na mengi ya haya yatakuwa yameshafanywa.

Kama si la Steam, kagua kwanza kama Vulkan ipo:

vulkaninfo --summary

Tazama jina la kifaa. Ukiona llvmpipe peke yake, kadi yako haitumiki; prosesa ndiyo inayochora kila kitu kwa mkono, na gemu litatambaa hata ufanye nini kwingine. Sakinisha draiva ya kadi yako, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia. Mwenye NVIDIA ahakikishe ana draiva ya kampuni yenyewe, na kama programu ni ya biti 32 na Wine yake ni ya njia ya zamani, draiva ya biti 32 pia. Hiyo ya pili husahaulika, na dalili yake ni ya kushangaza: programu za biti 64 zinakwenda vizuri, za biti 32 zinatoa dirisha jeusi. Kadi za zamani zisizo na Vulkan haziwezi DXVK hata kidogo. Iondoe, uiache Wine itumie OpenGL.

Gemu likikwama kidogo kidogo dakika za mwanzo kisha likatulia, halina ugonjwa. DXVK inaandaa vipande vya michoro kwa mara ya kwanza, na safari ya pili itakuwa laini zaidi.

Likikosea ukubwa wa skrini, au ukitoka humo huwezi kurudi, nenda winecfg, sehemu ya Graphics, uwashe eneo-kazi la kuigiza. Gemu litafungiwa ndani ya dirisha lake na kuacha kuvuruga skrini nzima.

Hapa kuna mahali pa kusimama. Magemu ya mtandaoni yenye ulinzi dhidi ya udanganyifu unaoingia hadi kwenye kiini cha Windows hayataendeshwa na Wine, kwa sababu kiini hicho hakipo. Baadhi ya walinzi hao wana njia rasmi ya Linux, lakini mtengenezaji wa gemu ndiye anayeamua kuiwasha au la. Asipoiwasha, usitafute njia ya kupenya. Akaunti yako inaweza kufungiwa, na hakuna wa kumlalamikia.

Dalili: maandishi ni visanduku, au ni madogo mno

Visanduku maana yake fonti haipo. Leta corefonts kwa winetricks. Ikiwa ni lugha yenye herufi zake, kama Kijapani, washa programu na mazingira ya lugha hiyo, LC_ALL=ja_JP.UTF-8, baada ya kuhakikisha mazingira hayo yapo kwenye mfumo wako. Maandishi madogo kwenye skrini zenye nukta nyingi hurekebishwa winecfg, sehemu ya Graphics, kwa kuongeza dpi kutoka 96.

Dalili: inafunguka, lakini haioni faili, printa au kifaa

Faili ni rahisi. Wine huipa diski yako yote jina la Z, kwa hiyo nyaraka zako zinapatikana chini ya Z:\home. Kama umesakinisha kupitia Flatpak (njia mojawapo ya kusakinisha programu kwenye Linux), kwa mfano Bottles, programu imefungiwa isione nje ya folda zake hadi uiruhusu, na Flatseal ndiyo njia nyepesi ya kutoa ruhusa hiyo.

Hiyo Z ina maana nyingine inayonisumbua sana. Wine si gereza. Virusi vya Windows vilivyowashwa ndani ya Wine vinaweza kusoma, kufuta au kufunga kwa ufunguo wa siri kila faili ambalo wewe mwenyewe una ruhusa nalo. Kuondoa Z kwenye winecfg kunapunguza ajali, lakini hakumzuii mwenye nia mbaya. Faili usiloliamini usiliwashe.

Printa: Wine inatumia zile zilizosajiliwa kwenye CUPS, mfumo wa kuchapa wa Linux. Ikiwa Linux yenyewe haichapi, usiilaumu Wine, anzia huko.

Vifaa vya kuchomeka vinataka uvumilivu zaidi. Vile vinavyozungumza kwa mlango wa COM, kama mizani, vifaa vya kupimia na mashine za kuchonga, kwa kawaida hukubali. Kwanza ruhusa: kwenye Debian na Ubuntu mtumiaji anatakiwa kuwa kwenye kundi la dialout.

sudo usermod -aG dialout $USER

Toka kabisa kwenye akaunti kisha uingie tena, la sivyo mabadiliko hayaonekani. Halafu itazame folda ya dosdevices ndani ya prefiksi yako:

ls -l $HOME/hesabu/dosdevices

Utaona viungo vya com1, com2 na kuendelea, kila kimoja kikielekeza kwenye mlango wa Linux. Kifaa cha USB mara nyingi huwa /dev/ttyUSB0, na Wine inaweza kukipa namba kubwa, tuseme com33, ilhali programu yako ya zamani haijui zaidi ya com4. Usikibadilishe kiungo kwa mkono. Wine itakiandika upya. Fungua wine regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine\Ports, uongeze ingizo la maandishi (String Value) liitwalo com1 lenye thamani /dev/ttyUSB0, kisha wineserver -k na kuwasha upya. Programu ya miaka 20 iliyopita ikianza kusoma namba kutoka kwenye mzani uliodhaniwa umekufa, utaona kwamba jioni uliyoitumia haikupotea.

Kifaa kinachokuja na draiva yake ya Windows ni habari nyingine. Wine haibebi draiva za vifaa vya USB za namna hiyo. Vifunguo vya leseni vya USB, skana zenye draiva ya pekee, vifaa vya kusaini kwa kadi: kama mtengenezaji hana draiva ya Linux, acha Wine, uende kwenye mashine pepe, yaani Windows halisi inayoendeshwa ndani ya Linux.

Dalili: ilikuwa inafanya kazi, imeacha

Uliza kilichobadilika. Mara nyingi ni Wine yenyewe iliyosasishwa. Toleo jipya likiigusa prefiksi huisasisha pia, na kurudi nyuma hakuna uhakika. Kwa hiyo kabla ya kusasisha, nakili folda nzima ya prefiksi:

cp -a $HOME/hesabu $HOME/hesabu-nakala

Sababu ya pili ni ile sudo. Mtu aliwasha mara moja kwa sudo, mafaili ndani ya prefiksi yakawa ya root, yaani msimamizi wa mfumo, na sasa programu haiwezi kuandika kwenye nyumba yake yenyewe. Wine inaweza hata kukataa kabisa, ikisema prefiksi si mali yako. Rudisha umiliki:

sudo chown -R $USER: $HOME/hesabu

Angalia pia kama diski imejaa, na kama umeihamishia prefiksi kwenye diski ya NTFS, mpangilio wa diski wa Windows. Wine huhifadhi viungo vyenye majina kama c: na z:, na ruhusa za mafaili za Linux, diski ya namna hiyo hutibua vyote viwili.

Nina sababu ya kusisitiza nakala. Zamani, nikimsaidia mtu, nilifuta ~/.wine nzima nianze upya, kama maelezo mengi yanavyoshauri. Nyaraka zake zilikuwa salama kwa sababu Wine kwa kawaida huunganisha folda ya nyaraka na ile ya Linux. Lakini programu yake ya hesabu ilikuwa inaweka kumbukumbu ndani ya AppData, humo humo kwenye drive_c. Miezi ya kazi ya mtu ilikwenda kwa amri moja. Tangu siku hiyo sifuti prefiksi. Naibadilisha jina, na naiacha hapo hadi mwenyewe athibitishe kwamba ana kila kitu.

Wakati wa kuacha Wine, na wakati wa kumwita mtaalamu

Kama umejaribu kwenye prefiksi safi, umetibu err za wazi, na programu bado inaanguka, angalia hifadhidata ya programu ya WineHQ, au ProtonDB kwa magemu. Ukikuta wengi wameshindwa kwa toleo lilelile, si wewe. Nenda kwenye mashine pepe: Windows halisi, yenye leseni yake, ndani ya VirtualBox au QEMU na KVM. Kagua kwanza kama prosesa inaruhusu:

lscpu | grep Virtualization

Ukiona VT-x au AMD-V, uwezo upo. Usipoona kitu, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, mara nyingi umezimwa huko. Kifaa cha USB kinaweza kukabidhiwa moja kwa moja kwa mashine pepe, na draiva yake ya Windows itafanya kazi kama kawaida. Kwa magemu mazito njia hii ni nzito; kwa programu za ofisi na vifaa, ni tulivu kuliko Wine.

Lakini usiendelee peke yako ikiwa programu inabeba kumbukumbu za kazi ambazo hazina nakala. Usiendelee ikiwa inaendesha mashine inayoweza kuumiza mtu, au kifaa cha tiba. Hapo kosa dogo la muda au la mawasiliano ni hatari, na mtengenezaji ndiye wa kusema nini kinakubalika. Na usitengeneze prefiksi mpya kila siku kwa programu ambayo leseni yake inahesabu mashine: kila prefiksi inaweza kuhesabiwa kuwa kompyuta nyingine, na ukifikia kikomo programu inajifunga. Ukifika hapo wasiliana na muuzaji wa programu kabla ya jaribio linalofuata, na umpelekee namba ya toleo la Wine, unayoipata kwa wine --version, pamoja na ile taarifa.txt, nzima, bila kukata mistari.